Jinsi ya Kutunga Kipande Kifupi cha Jazi kutokana na Kumbukumbu ya Utotoni

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyofanya na kijana mmoja wa hapa Kisumu, mpiga kibodi kanisani, aliyetaka kutunga vipande vya piano kuhusu utoto wake. Nachukulia kwamba msomaji anazifahamu noti za saba na za tisa, kwa hiyo sitazieleza.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kumbukumbu moja yenye sauti. "Maisha ya ziwani" ni mapana mno. Wimbo mmoja wa kuruka kamba unatosha, nao ndio mfano wangu.

Hatua ya pili: uimbe na ujirekodi kwa simu bila kugusa piano.

Hatua ya tatu ni kutambua pigo zito liko wapi, na hapa ndipo saa nyingi hupotea. Aliyelelewa na nyimbo za kitabu cha kanisa hupenda kuweka neno la kwanza kwenye pigo la kwanza, ilhali mtoto anayeruka kamba anaweza kuanza kuimba kabla kamba haijagusa ardhi. Ukikosea hapo, noti zote zitakuwa sahihi na bado wimbo hautatambulika. Gonga sakafu kwa mguu pale kamba inapogonga, ndipo uimbe juu ya pigo hilo. Mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, hufanya vivyo hivyo: pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu hugonga chombo, huku mikono ikishughulika na nyuzi 8. Mguu ukishatulia, hesabu vipigo vidogo vilivyomo katika kila pigo la mguu. Vikiwa vitatu, andika kwa 6/8, lakini jihadhari: vipigo 6 hugawanyika katika mafungu mawili ya vitatu au mafungu matatu ya viwili, na huenda sauti ikafuata mgawanyo mmoja na kamba mwingine. Usiutupe wowote. Mkono wa kushoto uchukue kamba, wa kulia uchukue sauti, kisha urudie polepole hadi mikono iache kuvutana. Programu ya kunasa noti isubiri, kwa sababu ukiiruhusu inyooshe mapigo, itasogeza kila noti kwenye mstari ulio karibu na kuufuta ule utangulizi mdogo uliohangaikia. Mimi hutumia penseli, na sioni haja ya kingine.

Hatua ya nne ni kuingiza jazi, kwa uchache. Besi ibaki na noti mbili au tatu zinazojirudia, na noti ya tisa iingie katika sauti za kati wimbo unaporudiwa. Pedali iache kabisa, maana hufunika pigo la kamba.

Mwisho, pima urefu. Chick Corea, mpiga piano wa jazi wa Marekani, alitunga mfululizo wa vipande 20 kuhusu utoto, vingi vikiwa vya dakika moja au mbili tu. Ukitaka sehemu ya kubuni papo hapo, iwe mzunguko mmoja wa wimbo, na mkono wa kushoto usibadilike.