Somo: Kukimbia pole kwa kufuata mapigo ya moyo, na namna ya kusoma namba zako kwenye joto letu

Assalamu alaykum, wanamazoezi wa Unguja na Pemba. Somo hili ni la mtu anayekimbia nusu saa huku anahema, na miezi sita baadaye bado ni nusu saa ile ile na kuhema kule kule. Dawa yake ni kukimbia pole kuliko anavyotaka, kwa miezi kadhaa. Kinachovunja subira hapa kwetu ni kwamba joto huficha maendeleo: mtu anakuwa bora, na saa inamwambia amerudi nyuma. Basi soma hatua zote, khasa ya mwisho.

Hatua ya 1: Weka dari, yaani idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika ambayo hutaki kuipita. Tumia hesabu ya Mmarekani Phil Maffetone: 180 toa umri wako. Mwenye miaka 38 anapata 142. Ikiwa unatumia dawa za kila siku au umetoka kwenye maradhi makubwa, toa 10 nyengine. Ikiwa umeumia, una pumu, unapata mafua mara kwa mara, au ndio kwanza unarudi baada ya kuacha, toa 5. Aliyefanya mazoezi mfululizo zaidi ya miaka miwili, hajaumia na kasi yake inaongezeka, aongeze 5. Hii 5 ya kuongeza wengi hujipa kabla haijawafikia. Ukiwa na shaka, iache.

Kimbia kati ya dari na mapigo 10 chini yake. Hesabu hii ni ya makisio na mioyo haifanani, kwa hiyo ipime kwa mazungumzo: ukiwa chini ya dari unapaswa kumjibu mwenzio sentensi nzima bila ya kuikata katikati. Namba na maneno yakigombana, fuata maneno.

Hatua ya 2: Kipimo. Mkanda wa kifuani unaopima mapigo ndio wa kuaminika. Rowesha kwa maji zile sehemu mbili zinazogusa ngozi kabla ya kuuvaa, kwani ukiwa mkavu hutoa namba za ajabu dakika kumi za mwanzo. Ukirudi uoshe, chumvi ya jasho huuharibu upesi. Kwenye saa, weka mlio ulie ukifika dari.

Hatua ya 3: Pasha mwili dakika 15. Tembea, ongeza mwendo, kisha mchakamchaka mwepesi. Moyo ulioshtuliwa hupanda ghafla na hushuka kwa taabu, na mazoezi yote yaliyobaki utakuwa unagombana nao.

Hatua ya 4: Kazi yenyewe. Yakibaki mapigo 3 kufika dari, fupisha hatua. Usingojee mlio. Ukipita, tembea mpaka yashuke 10 chini ya dari, kisha anza tena. Wiki za mwanzo unaweza kutembea mara kumi na tano ndani ya nusu saa, na mazoezi yanakwenda sawasawa kabisa.

Sababu yake ni hii. Kwa mwendo huu misuli hutegemea mafuta zaidi kuliko sukari, mishipa myembamba ya damu huongezeka ndani ya misuli, na moyo huzoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Mambo haya hujengwa kwa dakika nyingi zilizokusanywa, na anayejikamua kila siku huchoka kabla hajazikusanya. Halafu kuna kano na mifupa, ambayo hukomaa nyuma ya pumzi. Ndio maana mtu wa miezi miwili mwenye pumzi nzuri na haraka nyingi huishia kushika muundi kwa maumivu.

Hatua ya 5: Ratiba. Siku 4 kwa wiki, dakika 45 pamoja na kupasha mwili. Siku moja kati ya hizo iongeze dakika 10 kila wiki mpaka ifike 90. Wiki ya nne punguza theluthi ya dakika zote.

Hatua ya 6: Mtihani, mara moja kila wiki nne. Pasha mwili dakika 15, kisha kimbia kilomita 5 ukiwa umebana chini kidogo ya dari, na uandike muda wa kila kilomita. Njia iwe moja, tambarare, na wakati wa siku uwe ule ule. Baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapanda, ndio wakati bora. Ufukweni ni pazuri kwa mbio za kawaida lakini si kwa mtihani: siku za bamvua maji hujaa alfajiri, unabaki na mchanga laini wa juu wenye mteremko, na mguu mmoja hufanya kazi zaidi ya mwengine.

Kilomita ya tano itakuwa ya pole kuliko ya kwanza. Mfano: ya kwanza dakika 8:10, ya tano 8:50. Angalia tofauti hiyo, hapo sekunde 40. Mara nyingi hiyo hupungua kwanza, kabla kasi yenyewe haijaonekana kubadilika. Dalili nyengine za mapema ni kutembea mara chache zaidi na mapigo kushuka upesi ukisimama.

Sasa joto. Mwili ukipata moto hupeleka damu kwenye ngozi ili upoe, na jasho hupunguza maji ya damu. Kila pigo linasukuma damu kidogo, basi moyo huongeza idadi ya mapigo kwa mwendo ule ule. Unyevu wa hewa yetu hufanya jasho lidondoke badala ya kukauka, na jasho linalodondoka halipozi. Kwa hiyo linganisha kipupwe na kipupwe, kaskazi na kaskazi. Mtihani wa Julai ukiuweka kando ya wa Februari unajidhulumu.

MASUALI YA WANACHAMA

Nimeanza Oktoba, sasa Januari, nimekuwa pole zaidi. Niache?
Usiache. Umeanza joto likipanda na unapima kwenye kaskazi. Angalia tofauti ya kilomita ya kwanza na ya tano. Ikiwa imepungua, unakwenda mbele. Ikiwa imeongezeka na usingizi ni mbaya au umechoka kila asubuhi, punguza siku moja kwa wiki.

Niko Pemba, kila upande kilima. Moyo unaruka hata nikikimbia kama kobe.
Vilima vitembee, kwa hatua fupi. Kwa mtihani tafuta kipande tambarare hata cha nusu kilomita, uende na kurudi. Kushuka usijiachie ukafidia muda. Magoti ndiyo yanayolipa.

Saa yangu ya mkononi inaonesha 170 na mimi sihemi.
Huenda inahesabu hatua zako, kwani wengi hupiga hatua 160 mpaka 175 kwa dakika. Ikaze, isogeze juu ya kifundo vidole viwili, au tumia mkanda. Kina dada, piko nyeusi ikiwa chini ya saa inaweza kuzuia mwanga wake wa kupimia mapigo.

Ramadhani nifanye vipi?
Dakika 30 mpaka 40 kabla ya futari, dari uishushe 10, au baada ya tarawehe chakula kikishatulia. Mwezi huo usifanye mtihani. Ukisikia kizunguzungu, simama na ufungue.

Baba yangu ana miaka 61 na anatumia dawa za presha. Hesabu hii inamfaa?
Kwanza azungumze na daktari wake. Baadhi ya dawa, kama atenolol na bisoprolol, huyazuia mapigo yasipande, na namba ya dari haina maana tena kwake. Mzee aende kwa kipimo cha mazungumzo, na maumivu ya kifua yakitokea asimame pale pale na apelekwe hospitali.

Lini niongeze kasi?
Baada ya miezi mitatu, au mitihani miwili mfululizo ikisimama pale pale katika msimu mmoja. Siku moja kwa wiki, mwisho wa mbio fupi, weka vipande 6 vya sekunde 20 kwa kasi nzuri, na kati yake utembee dakika moja na nusu. Siku nyengine zote zibaki chini ya dari.