SOMO: Tairi za baridi kwa gari la spoti linalosukumwa na tairi za nyuma

Mwezi wa kumi ukiingia hapa Ottawa, Kanada, gereji zinajaa, na vijana wenye magari ya spoti wanauliza swali moja: "Mkuu, hii kitu itatembea kwenye theluji?" Itatembea. Mustang inatembea, Toyota 86 inatembea, BMW ya difu la nyuma, yaani inayosukumwa na tairi za nyuma, inatembea. Kinachozikwamisha mara nyingi si difu. Zimetoka kiwandani zimevaa tairi za kiangazi, pana, zilizotengenezwa kwa ajili ya lami kavu yenye joto.

Kazi yangu ni kufunga tairi, na wateja wengi wanavuka daraja kutoka Gatineau, upande wa jimbo la Quebec (Ottawa iko Ontario), kwa hiyo naandika kwa mazoea ya huku. Walioko Ulaya, kuna swali lenu chini.

Hatua ya 1: Soma ubavu wa tairi ulizonazo

Chukua tochi uiname. Utaona kitu kama 275/40R19. 275 ni upana kwa milimita, 40 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, 19 ni rimu kwa inchi. Ukimaliza nyuma, nenda na mbele. Mustang GT zenye Performance Pack za mwaka 2015 kuendelea, kwa mfano, zina 255/40R19 mbele na 275/40R19 nyuma.

Halafu tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi yenye alama hiyo imejaribiwa kwenye theluji na kufaulu. Herufi M+S peke yake hazina jaribio nyuma yake. Zinazungumzia muundo wa kashata tu, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, na mtengenezaji anajiandikia mwenyewe. Usipoona chochote kati ya hivyo, hiyo ni tairi ya kiangazi.

Na tairi ya kiangazi haisubiri theluji ndipo ikuangushe. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 mpira wake unaanza kukakamaa, na kwenye baridi kali baadhi ya watengenezaji wanaonya kabisa kwamba gari lisisogezwe, maana mpira unaweza kupasuka nyufa. Asubuhi ya hasi 10, lami kavu, unakanyaga mafuta kidogo tu kutoka kwenye taa, nyuma inaanza kukupita.

Hatua ya 2: Chagua aina kwa barabara unazopita, si kwa nguvu za injini

Hapa ndipo watu wanabishana nami kaunta. Tairi za baridi zisizo na misumari (vichuma vinavyochomoza ili viume barafu) zina koo mbili. Ukoo wa kwanza ni zile laini za barafu: Bridgestone Blizzak WS90, Michelin X-Ice Snow, Nokian Hakkapeliitta R5. Kashata zake zimechanjwa vimistari vyembamba vingi vinavyouma barafu, na mpira unabaki laini hata kwenye hasi 25. Ukoo wa pili ni tairi za baridi za spoti: Michelin Pilot Alpin 5, Continental WinterContact TS 860 S. Hizi zina ubavu mkakamavu, usukani unajibu haraka, na kwenye lami yenye maji baridi ni nzuri sana.

Mwenye Mustang anataka ukoo wa pili kwa sababu ya jina "spoti". Mimi kwa mtu anayeishi Ottawa au Edmonton nampa ukoo wa kwanza bila kigugumizi. Barabara kuu inasafishwa, ndiyo, lakini mtaa wako wa nyuma unakaa siku mbili tatu theluji imekanyagwa mpaka inang'aa kama kioo, na hapo ndipo unaposimama na kuondoka kila asubuhi. Utalipa gharama: usukani utalegea kidogo, na baadhi zina herufi T, yaani mwisho kilomita 190 kwa saa. Barabara zetu mwisho ni 110. Sijui hizo 80 unataka kuzipeleka wapi mwezi wa pili.

Ukoo wa pili unamfaa anayeishi sehemu ya mvua baridi na theluji ya kubahatisha: Vancouver, London, Düsseldorf.

Za misumari: ukiwa mkazi wa kusini mwa Ontario, Ottawa ikiwemo, haziruhusiwi. Quebec zinaruhusiwa kuanzia Oktoba 15 hadi Mei 1.

Hatua ya 3: Punguza rimu, punguza upana

Kama kuna hatua moja ya kusoma mara mbili, ni hii. Tairi pana inapanda juu ya theluji laini na kuelea. Nyembamba inabeba uzito uleule kwenye eneo dogo, inaikata theluji na kufika chini kwenye kitu kigumu. Kwenye barafu tupu upana hauna kazi kubwa, hapo ni ulaini wa mpira. Faida nyingine ya rimu ndogo ni ubavu mrefu: mashimo ya mwezi wa tatu hayatakuharibia rimu, na tairi zenyewe ni bei rahisi.

Sharti ni moja, kimo chote cha tairi kibaki karibu na cha zamani ili spidomita na ABS, mfumo unaozuia breki zisifunge tairi, visidanganywe. Tuchukue Toyota GR86 yenye 215/40R18. Zidisha 215 kwa 0.40 upate 86, hicho ni kimo cha ubavu mmoja. Mara mbili ni 172. Rimu ya inchi 18 ni milimita 457. Jumla 629. Sasa jaribu 205/55R16: ubavu ni karibu 113, mara mbili 225.5, ongeza rimu 406, unapata 632. Tofauti ya milimita 3. Toyota wenyewe wameuza gari la 86 lenye saizi hiyo Japani, kwa hiyo si ubunifu wa gereji.

Mustang ya hapo juu: weka 235/50R18 zote nne. Kimo chake ni 692, katikati ya 687 za mbele na 703 za nyuma, na ndiyo saizi ya GT ya kawaida. Ukiwa na saizi moja kote unaweza pia kuhamisha za nyuma kwenda mbele kila msimu, kwa sababu gari hizi zinakula za nyuma kwanza.

Tahadhari ya breki. Zile Brembo kubwa hazikubali kila rimu ya 18. Kabla hujafungisha tairi kwenye rimu mpya, ifunge rimu tupu kwenye gari, kaza nati kwa mkono, izungushe polepole huku umeangalia kalipa, lile bano la breki. Ikigusa hata kwa kucha, rudisha dukani. Rimu iliyokwisha kuvalishwa tairi haipokelewi.

Hatua ya 4: Nne. Si mbili.

Ukiweka za nyuma tu, gari litaondoka vizuri na halitakata kona wala kusimama. Ukiweka za mbele tu, nyuma itaserereka. Hesabu pesa za nne au subiri mshahara.

Hatua ya 5: Kununua

Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT ubavuni mwa tairi, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 3424 ni wiki ya 34 ya mwaka 2024. Za mitumba zinunue ukiwa na kipimo cha kashata mkononi. Mpya huwa na milimita 8 au 9. Ikishuka chini ya 4, kwa theluji imekwisha hata kama kwa macho bado inapendeza.

Nunua rimu za pili kabisa. Kuvua na kuvalisha tairi kwenye rimu moja mara mbili kwa mwaka kunachosha mpira na kuchosha pochi, na chumvi ya barabarani itakula zile rimu zako nzuri. Za chuma zinatosha kama zinapita breki. Ulizia na sensa za upepo. Usipoweka, taa ya dashibodi itawaka msimu mzima, na siku upepo utakapopungua kweli hutajua.

Hatua ya 6: Kufunga

Mshale wa "Rotation" ufuate mwendo wa kwenda mbele. Ukiona "Outside", maandishi hayo yakae nje. Kaza nati kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari, kisha rudia kukaza baada ya kilomita 80 hadi 100. Upepo upimwe tairi zikiwa zimepoa, nje. Kila nyuzi 10 za joto zikishuka unapoteza kati ya PSI 1 na 2, hivyo tairi iliyojazwa ndani ya gereji yenye nyuzi 20 ikitoka kwenye hasi 20 inakuwa pungufu kwa 6 au 7.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana_wa_Edmonton: Asante kwa somo, mkuu. Wazee wa pickup hapa wanaweka mifuko ya mchanga nyuma. Niweke kwenye buti la Nissan 370Z yangu?

Jibu: Hapana, kaka. Pickup tupu ni nyepesi mno nyuma, ndiyo maana wanafanya hivyo. Gari lako uzito umeshagawanywa karibu sawa mbele na nyuma. Kilo 60 kwenye buti zitasaidia kidogo kuondoka, halafu nyuma ikianza kuserereka kwenye kona huo mzigo utaisukuma izidi. Weka koleo, blanketi na mfuko mdogo wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi ukikwama.

Ndugu_Hull: Yaya, mimi niko Gatineau na BMW. Gari langu lina all-season, tairi za misimu yote, za M+S. Polisi watakubali?

Jibu: Hawatakubali, ndugu yangu. Gari lililosajiliwa Quebec linatakiwa kuwa na tairi za baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na wanachotafuta ni ile alama ya mlima na theluji, au misumari. Jirani zako wa Ontario hawalazimishwi, ila tangu Januari 2016 kampuni za bima huko zinatakiwa kutoa punguzo kwa anayefunga. Piga simu uwaulize, wengine hawakupi mpaka uombe.

Binti_Munich: Huku Ujerumani nimeambiwa M+S haihesabiki tena. Kweli?

Jibu: Kweli, dada. Muda wake uliisha Septemba 30, 2024. Sasa ni alama ya mlima tu. Sheria yenu haifuati tarehe, inafuata hali: ukikutwa kwenye theluji, barafu au matope ya theluji bila tairi sahihi ni faini ya kuanzia euro 60 na pointi. Ukivuka kwenda Austria kashata ziwe na milimita 4 au zaidi. Misumari huko kwenu sahau.

MarkX_Nakuru: Bro, sisi hatuna theluji lakini Mark X yangu imetoka Japani na tairi zimeandikwa STUDLESS. Inateleza vibaya kukinyesha. Ni difu ama ni tairi?

Jibu: Ni tairi. Japani ilipitisha sheria ya kuondoa misumari mwaka 1990, kwa hiyo magari ya Hokkaido na maeneo ya theluji yanavaa hizo studless, yaani tairi za baridi zisizo na misumari, na mengi yanapandishwa meli yakiwa nazo. Kwenye joto la huko kwenu mpira wake ni laini kupita kiasi: gari linayumba kwenye kona, breki inachelewa kwenye maji, na kashata zinaisha haraka. Zibadilishe zote nne uweke tairi za kawaida, na usimuuzie mwenye probox.

Kijana_wa_Edmonton: La mwisho, mkuu. Nikikwama kwenye theluji nizime traction control?

Jibu: Ukikwama, ndiyo, kwa sababu inakata nguvu kila tairi inapojaribu kuzunguka. Tumia gia ya pili, kanyaga kidogo kidogo, bembeza mbele na nyuma. Ukishatoka iwashe tena. Na ukiwa unashuka kilima chenye barafu usirudishe gia kwa ghafla, kwenye difu la nyuma injini itafunga tairi za nyuma kama handibreki. Theluji ikifika kwenye bampa, acha gari, panda basi. 370Z iko chini, tumbo likikaa juu ya theluji hakuna tairi itakayokutoa hapo.