Kabla Hujafunga Tairi Kubwa: Ekseli Yako Inabeba Nini?

Watu wananunua gari za fowili zilizokwishanyanyuliwa springi na kufungwa tairi za matope, wanalipa, wanaondoka. Hakuna aliyelala chini kutazama difu, lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa miguu miwili, wala ekseli, fimbo ya chuma inayotoka humo kuzungusha tairi. Kabla hujatoa pesa, na kabla hujamwambia fundi akunyanyulie gari lako, yapitie haya.

Anza na tairi. Suzuki Jimny iliyotoka na tairi za 205/70R15 ina tairi yenye kimo cha kama sentimita 67. Ukifunga za inchi 31 umefika 79. Tairi hiyo ikibana kwenye mawe ya uwandani, ekseli inasokotwa kwa karibu asilimia 18 zaidi kabla tairi haijateleza. Ukitia na loki ya difu, inayofunga miguu miwili izunguke pamoja, mguu mmoja ulioshika unaweza kubebeshwa nguvu yote ambayo zamani iligawiwa miguu miwili.

Unene upimwe kwa kalipa, si kwa macho. Ekseli ya milimita 30 na ya milimita 33 ukizilaza pamoja utaona ni mtu na ndugu yake, lakini kama chuma ni kile kile, ya pili inahimili msokoto kwa theluthi moja zaidi. Pima pale palipo pembamba kuliko pote. Hesabu na meno yaliyochongwa kwenye ncha yake: Land Rover za zamani zilikuwa na meno 10 upande wa difu, baadaye zikaja za meno 24, madogo na yasiyochimba sana chuma. Meno yakiwa yamepinda kama kamba iliyosokotwa, ekseli hiyo imekwisha, usiirudishe.

Haya yote niliyajua. Nisilolijua ndilo lililoniadhibu.

Nilinunua gari fupi iliyokwishabadilishwa, tairi kubwa, na spesa nyuma, yaani vipande vya chuma vinavyotiwa kati ya habu na rimu ili miguu itoke nje ya bodi. Muuzaji alinionesha ekseli ya akiba, nene kweli, akasema hii haikatiki. Nikaamini. Siku moja nikaenda na ami yangu Vumawimbi, kule kaskazini ya Pemba, siku za bamvua, maji yamekupwa mbali. Wakati wa kurudi gari ikazama kidogo kwenye mchanga mbichi. Nikatia loo, ile gia ya nguvu, nikakanyaga. Nikasikia mlio mmoja mkavu, kama tawi la mkarafuu linapovunjika.

"Mwanangu, zima! Tairi linatoka!"

Nikashuka. Tairi la nyuma kulia lilikuwa limetoka shubiri nzima nje ya bodi, limeinama, limekuja na ngoma ya breki na kipande cha ekseli, oili inachuruzika juu ya mchanga mweupe. Nikakitazama kile kipande. Nusu ya mkato ilikuwa ya kahawia, imeshika kutu; nusu nyengine inang'aa. Yaani ufa ulikuwepo siku nyingi, pale beringi inapokaa, na siku ile ulimalizia tu.

Maji yalikuwa yamekwishageuka. Gari ya namna hiyo haivutiki, maana bomba la difu, lile linalofunika ekseli, linachimba mchanga kama jembe. Waliotuokoa ni wavuvi: walileta magogo wanayokokotea ngalawa, wakayapitisha chini, tukasukuma hatua kwa hatua na maji yanatufika magotini.

Basi lielewe hili. Kuna ekseli inayozungusha tu, na kuna ekseli inayozungusha na kubeba uzito wa gari. Ya kwanza, kama ya Land Rover Defender za zamani au ya nyuma ya Toyota Land Cruiser 79, uzito unabebwa na habu iliyokaa juu ya bomba lenyewe. Ikikatika, tairi linabaki mahali pake. Unaweza kuchomoa vipande, ukaziba tundu, ukatia fowili na kurudi nyumbani kwa miguu ya mbele. Ya pili, kama ya nyuma ya Jimny, tairi limefungwa kwenye ekseli yenyewe. Ikikatika nje ya beringi, mguu unaondoka. Na spesa ndiyo inayoitesa zaidi: inalisogeza tairi mbali na beringi, na ekseli inakunjwa kila mzunguko. Unene unasaidia, lakini usilinganishe hizi mbili kwa milimita peke yake.

Kuzitambua ni rahisi. Tazama katikati ya rimu ya nyuma. Ukiona habu imechomoza na duara la nati ndogo ndogo, ni ile inayozungusha tu. Pakiwa bapa, hiyo inabeba. Kwa ile ya pili, toa spesa, ichomoe ekseli, ifute mafuta, ukague pale penye beringi. Kutu iliyochimba vishimo hapo haisuguliwi kwa msasa, nunua nyengine.

Mengine kwa haraka. Difu yenye moto ikiingia maji ya bahari inapoa ghafla na kunyonya maji kupitia sili. Refusha mpira wa kupumulia wa difu uufikishe juu karibu na boneti. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo. Piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise uone kama linacheza. Gari ikitoka pwani ioshwe kwa maji matamu, chini hasa. Chukua ekseli ya akiba pamoja na beringi yake, kamba, koleo la mchanga. Usiende peke yako, na ujue maji yanajaa saa ngapi.