Kabla mwenzako hajarudi kutoka misheni

Wiki ya mwisho, wake wengi wa askari hapa Moshi tunapaka rangi sebule na kuagiza mbege. Sawa, lakini maongezi nayo yanataka maandalizi, na yaanze kwenye simu mume akiwa bado Kongo kulinda amani. Muulize: "Ukishtuka usiku, nikushike au nikuache?" Ni rahisi kulijibu akiwa mbali kuliko saa nane za usiku, ameketi kitandani jasho linamtoka. Wangu alisema nisimguse. Niwashe taa, nimwite jina lake, si "baba Neema". Hadi leo ndivyo ninavyofanya.

Usimuulize kama ameua. Na umwombe mkubwa wa ukoo mapema awazuie mashemeji, maana mbege ikishapanda swali hilo halikosi mwulizaji. Kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, iliposhambuliwa tarehe 7 Desemba 2017, zaidi ya wanajeshi kumi wa kwetu waliuawa. Waliorudi wakiwa wamezika wenzao watasimulia siku wakitaka, au wasisimulie kabisa.

Mkiongea, msikae kutazamana mezani. Askari ataona anahojiwa. Sisi yalitoka tukimenya ndizi za mtori, kila mtu macho kwenye kisu chake.

Watoto waambiwe wasibamize geti la bati.

Akipata homa, apimwe malaria kwanza kabla hamjasingizia mawazo. Ila ndoto mbaya, kushtukashtuka na kukwepa watu, vikipita mwezi mmoja na nyumba inayumba, nendeni hospitali: huku kuna KCMC, Arusha kuna Mount Meru. Kiwewe kinatibika, mara nyingi kwa maongezi na mtaalamu. Wengi wanaogopa kuitwa vichaa. Mwambie mnakwenda wote wawili, na kweli uende. Angalia pia pombe, hasa ile ya kujitafutia usingizi. Akisema heri afe, au akikuinulia mkono, mwezi usiusubiri: tafuta msaada siku hiyohiyo, na wewe na watoto mkae pa salama.

Halafu kuna yako. Mwaka mzima umelipa ada, umeita fundi bomba, umeamua peke yako. Mimi niliuza ng'ombe nikanyamaza, na ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa wa ng'ombe, si wa vita. Mwambie kabla hajapanda ndege.