Waifai haionekani kwenye laptopu ya zamani yenye Linux nyepesi: fanya hivi kabla hujafuta na kuweka upya

Hii ni kwa mwenye laptopu ya miaka ya 2008 mpaka 2012 hivi, RAM giga 2, ikizidi sana 4, Windows ilishamshinda akaweka Linux nyepesi, inawaka haraka, sauti ipo, video zinacheza, ila waifai hakuna. Siyo kwamba inakataa paswedi, hapana, orodha ya mitandao yenyewe haiji, ukibonyeza alama ya mtandao pale pembeni unaona kebo tu.

Nimetoka kumsaidia mdogo wangu na mashine ya namna hiyo, ya mtumba, ndani ina kadi ya Broadcom BCM4312, na fundi aliyeishika kabla yetu alikuwa keshamwambia kadi imekufa anunue ya kuchomeka kwenye USB. Kadi ilikuwa nzima kabisa. Ndo maana nimeamua kuandika, kwa sababu watu wanatupa hela kwa tatizo ambalo mara nyingi ni la draiva (programu inayoendesha kadi) na famweya (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe), na wengine wanafuta mfumo na kuweka upya mara kibao huku tatizo linawangojea palepale.

Mifano yangu ni ya Debian 12, mojawapo ya matoleo ya Linux. antiX 23 na MX 23, ambazo ni Linux nyepesi, zote zimejengwa juu yake kwa hiyo amri ni zilezile. Kwa mashine hizi mimi napendekeza MX, au antiX kama RAM ni giga 1, na kama prosesa ni ya biti 32 basi baki na hizo hizo, maana Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Ukiwa na Lubuntu mantiki ni ileile ila majina ya baadhi ya vifurushi yanabadilika.

Hatua ya 1: hakikisha haijazimwa

Fungua terminali, andika:

`sudo rfkill list`

Ukiona `Soft blocked: yes` andika `sudo rfkill unblock wifi`, imeisha. Ukiona `Hard blocked: yes` hapo hakuna amri itakayokusaidia, tafuta swichi ndogo ya kusukuma mbele au ubavuni mwa laptopu, au kitufe cha Fn chenye mchoro wa mnara, na ukikosa vyote ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujaanza) uangalie kama waifai imezimwa humo. Kama rfkill haioneshi kitu chochote cha waifai, nenda hatua ya 2.

Hatua ya 2: chukua namba ya kadi, achana na jina

`lspci -nnk | grep -iA3 net`

Utapata kadi mbili, ya kebo na ya waifai. Kwenye ya waifai angalia mwisho wa mstari, kwenye mabano ya mraba kuna namba mfano `[14e4:4315]`. Hiyo ndo unayoitafuta mtandaoni, siyo jina la laptopu wala jina la kadi. Modeli moja ya laptopu inaweza kuwa ilitoka kiwandani na kadi tofauti tofauti, na Broadcom wenyewe jina moja wamelipa zaidi ya chipu moja, hiyo "BCM4312" utaikuta kwenye namba 4315 na utaikuta pia kwenye namba 4312 ambayo ni kadi nyingine. Ukifuata maelekezo ya jina utazunguka bure.

Namba ya mbele inakwambia ukoo wa kadi. 8086 ni Intel, unaweka `firmware-iwlwifi` na mara nyingi umemaliza. 168c ni Atheros, hizi nazipenda kuliko zote, draiva zake ath5k na ath9k zimo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) na hazidai famweya ya pembeni, ukiona Atheros haifanyi kazi rudi hatua ya 1 ukaangalie swichi vizuri. 10ec ni Realtek, weka `firmware-realtek`. 14e4 ni Broadcom, na hapo ndo uvute kiti.

Kama lspci haioneshi kadi ya waifai kabisa, wala lsusb (orodha ya vifaa vya USB) haioneshi, hapo ndo tunazungumzia kadi yenyewe: zima, toa betri, fungua kifuniko cha chini, ichomoe kadi, futa meno yake kwa kifutio cha penseli taratibu, irudishe vizuri mpaka ikae. Zile nyaya mbili nyembamba za antena zibonyezwe mpaka usikie kako kamlio.

Hatua ya 3: pata intaneti ya muda kwa waya wa simu

Watu wengi wanakwama hapa, kwamba nahitaji intaneti ili nipate kitu cha kunipa intaneti. Kama una kebo ya ruta, chomeka. Kama huna, chukua simu ya Android, chomeka kwa waya wa USB (uwe waya wa data, siyo ule wa kuchajia tu), kwenye mipangilio ya hotispoti washa ile ya kushea kwa USB. Kerneli inaitambua simu kama kadi ya kebo, hakuna kitu cha kusakinisha. Na simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya mahali inashea hiyo hiyo waifai, kwa hiyo bando lako linabaki salama.

`ip link` itakuonesha kitu kipya, `usb0` au jina refu linaloanza na `enx`. MX inaunganisha yenyewe, ikigoma: `sudo dhclient usb0`.

Sasa kabla hujagusa apt (amri ya kusakinisha vifurushi), andika `date`. Tafadhali usiruke hii. Laptopu za umri huu betri yake ndogo ya saa, ile ya duara CR2032, mara nyingi imeshakufa, kwa hiyo kila ukichomoa umeme saa inarudi nyuma miaka na miaka. Intaneti itakuwepo kabisa, ping inajibu, lakini tovuti zinalalamika cheti na apt inasema faili la Release `is not valid yet`, unaanza kuhangaika na mtandao wakati shida ni tarehe. Irekebishe kwa mkono, weka tarehe ya leo kwa mpangilio huu:

`sudo date -s "2025-11-20 14:30"`

Hatua ya 4: famweya ya Broadcom

Angalia kerneli inalalamika nini:

`sudo dmesg | grep -i b43`

Ukiona mstari unaosema `Firmware file "b43/ucode15.fw" not found` furahia, maana draiva imeiona kadi na inachokosa ni chakula tu. Debian haiwezi kuiweka famweya hii ndani ya ISO (faili la kusakinishia) kwa sababu leseni hairuhusu kuisambaza, ndo maana hata Debian 12 inayokuja na famweya nyingine nyingi bado hii haina. Kinachokuwepo ni kifurushi kinachoenda kuipakua na kuichomoa ndani ya faili lililopakuliwa. Hakikisha `/etc/apt/sources.list` (kwa MX na antiX ni `/etc/apt/sources.list.d/debian.list`) ina maneno `contrib non-free non-free-firmware` baada ya `main`, kisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install firmware-b43-installer`

Usiache simu ichomoke katikati, maana kifurushi kinaweza kuonekana kimeingia wakati famweya haikushuka. Hakikisha kwa macho: `ls /lib/firmware/b43`, lazima uone mafaili, na kwa kadi ya 4315 lazima ucode15.fw iwemo. Halafu izime draiva na kuiwasha tena:

`sudo modprobe -r b43`
`sudo modprobe b43`

Kwa wengi mitandao inatokea hapo hapo.

Hatua ya 5: waifai imekuja, umewasha upya, imepotea

Hii ndo iliyotumaliza jioni nzima, na ndo iliyomfanya yule fundi aseme kadi imekufa, kwa hiyo naomba uisome polepole.

Kadi za Broadcom zina draiva zinazogombania. Kuna b43 ambayo ni ya wazi na iko ndani ya kerneli, kuna brcmsmac ya kadi mpya kidogo, na kuna `wl` ya Broadcom wenyewe, iliyofungwa, inayoingia kwa kifurushi cha `broadcom-sta-dkms`. Mbili haziwezi kushika kadi moja, kwa hiyo broadcom-sta-dkms ikiingia inaweka faili kwenye `/etc/modprobe.d/` linalozifungia wenzake wote: b43, brcmsmac, ssb na bcma ambazo draiva hizo zinasimama juu yake, mpaka b44 ya kebo.

Sasa mtu anaweka wl, inagoma (mara nyingi kwa sababu hakuweka linux-headers za kerneli yake, yaani mafaili yanayohitajika kuijenga draiva, au kerneli mpya imeikataa), anasema basi niitoe, anaandika `apt remove`. Kifurushi kinatoka, lakini lile faili la kufungia LINABAKI, kwa sababu apt remove haigusi mafaili ya mipangilio yaliyo kwenye /etc. Kuanzia hapo mashine haina wl na b43 imefungiwa, hakuna draiva hata moja inayoruhusiwa kuamka, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. dmesg kimya. Ndo maana inaonekana kama kadi imekufa.

Dalili zake ni hizi. Ya kwanza, kwenye `lspci -nnk` chini ya kadi unaona mstari wa `Kernel modules: ssb` lakini hakuna mstari wa `Kernel driver in use`. Ya pili, na hii ndo inayochanganya watu, ukiandika `sudo modprobe b43` kwa mkono waifai inakuja vizuri kabisa, kwa sababu kufungia huko kunazuia moduli (kipande cha kerneli, kama draiva) isiamke yenyewe tu, ukiiita kwa jina inaitika. Unafurahi, unazima, kesho hakuna kitu.

Tafuta mabaki:

`grep -rE "b43|ssb|bcma|brcm" /etc/modprobe.d/`

Kwetu lilitokea `broadcom-sta-dkms.conf` na mistari yake ya `blacklist` imejipanga. Usilifute kwa mkono, tumia hii, inaondoa na kumbukumbu zake:

`sudo apt purge broadcom-sta-dkms`

Inafanya kazi hata kama kifurushi kilishatolewa zamani. Halafu rudia ile grep, maana kuna watu wanaandika mafaili yao wenyewe kwa kufuata maelekezo ya mtandaoni, unaweza kukuta blacklist.conf au jina lolote, hayo ndo unayafungua na kuweka alama ya # mbele ya mstari. Kisha, na hii usisahau hata kidogo:

`sudo update-initramfs -u`

Mipangilio hiyo inanakiliwa pia ndani ya initramfs (faili dogo ambalo Linux inaanza nalo ikiwaka), ukiacha nakala ya zamani unaweza kuwasha upya ukakuta hali ileile na ukadhani hujafanya kitu. Washa upya, angalia tena lspci, sasa utaona `Kernel driver in use: b43-pci-bridge`. Jina hilo lisikutishe, kwa kadi hizi ndo linavyoandikwa.

Angalizo la pili. Utakuta ushauri wa kuandika `modprobe -r b43 ssb`, au wa kuifungia ssb moja kwa moja. Kabla hujaufuata angalia kadi yako ya kebo, kama ni Broadcom BCM4401 basi draiva yake ni b44 na nayo inasimama juu ya ssb, ukiifungia ssb umeua waifai na kebo kwa pamoja, unabaki na waya wa simu tu.

Na lini utumie wl? Pale tu ambapo namba ya kadi haiungwi mkono na b43 wala brcmsmac, mfano BCM43142, yaani 14e4:4365. Hapo huna namna, weka na headers zake pamoja:

`sudo apt install linux-headers-$(uname -r) broadcom-sta-dkms`

Ila ujue kila kerneli ikibadilika inajengwa upya, na kwenye Core 2 Duo hilo linachukua muda, na siku ikigoma kujengwa huna waifai. Mimi kama b43 inafanya kazi siigusi wl, hata kama mtu ataniambia ina kasi zaidi.

Hatua ya 6: imeona mitandao lakini haiungi au inakatika

Kadi ya 4315 ni ya mawimbi ya GHz 2.4 tu, haiwezi kuona GHz 5. Simu nyingi za sasa hotispoti yake inaweza kuwa imewekwa GHz 5, kwa hiyo mitandao ya majirani unaiona ila ya simu iliyo mezani huioni. Ingia mipangilio ya hotispoti, badilisha bendi iwe 2.4. Na ikigoma kuunga, jaribu kuweka usalama uwe WPA2, maana WPA3 peke yake inaweza kuzisumbua kadi hizi za zamani, ruta iliyowekwa WPA3 tupu inaweza kukuzungusha hata ukiingiza paswedi sahihi.

Ikiunga halafu inakatika ukiiacha dakika chache, zima kubana umeme:

`sudo iw dev wlan0 set power_save off`

Badala ya wlan0 weka jina unaloliona kwenye `ip link`. Ikisaidia, ifanye ya kudumu kwa NetworkManager (programu inayosimamia mtandao): tengeneza faili `/etc/NetworkManager/conf.d/powersave.conf`, ndani andika mistari miwili, `[connection]` na chini yake `wifi.powersave = 2`. Hiyo 2 maana yake ni kuzima, 3 ni kuwasha, watu huwa wanaigeuza. antiX ikiwa inatumia connman (programu nyingine ya kazi hiyo hiyo) faili hili halitaisaidia, weka ile amri ya iw kwenye `/etc/rc.local` bila sudo.

Kama umepita zote hizi na lspci inaiona kadi lakini bado haishiki, tafuta kadi ya Atheros AR9285 iliyotumika kwa mafundi wanaochinja laptopu za zamani. Ila kabla ya kutoa hela muombe aichomeke kwanza kwenye mashine yako na kuiwasha, kwa sababu kuna laptopu ambazo BIOS yake inakubali kadi zilizo kwenye orodha yake tu, ukiweka nyingine inasimama na ujumbe kabla hata Linux haijaanza, na hizo ndo pekee ambazo ningekwambia nenda kanunue ya USB.