Jinsi ya Kuripoti Kometi Mpya Hadi Obiti Yake Ijulikane

Picha nzuri ya kometi haitoshi kumfanya mtu awe mgunduzi. Kinachotakiwa ni vipimo: ilikuwa wapi angani, na saa ngapi hasa. Vipimo hivyo hupokelewa na Minor Planet Center, kituo kilichoko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, chini ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia. Anayetazama anga kwa kupenda tu hupokelewa sawa na mtaalamu, mradi vipimo vyake ni safi.

Kwanza, omba msimbo wa kituo chako, wenye alama tatu. Pima asteroidi (miamba midogo inayozunguka Jua) kadhaa zinazojulikana vizuri, katika usiku mbili tofauti, kisha tuma vipimo pamoja na latitudo, longitudo na mwinuko wa mahali ilipo darubini. Vikikubaliana na obiti zilizopo, yaani njia zinazojulikana za asteroidi hizo kulizunguka Jua, utapewa. Fanya hivyo sasa, kabla hujaona chochote.

Pili, hakikisha ulichoona ni kipya. Piga angalau picha tatu zilizoachana muda. Doa lisilosogea mbele ya nyota huenda ni galaksi au nebula. Likisogea, lilinganishe na kometi na asteroidi zilizokwisha kuorodheshwa.

Tatu, pima, hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Lenga kiini king'aacho zaidi, wala si katikati ya ukungu mzima, kwa sababu mkia huvuta kipimo upande mmoja. Wakati unaoandikwa ni wa katikati ya muda ambao kamera ilikuwa ikipokea mwanga wa picha, kwa saa ya ulimwengu (UT). Kometi ikisogea sekunde 2 za pembe (sekunde moja ya pembe ni 1/3600 ya digrii) kwa dakika, saa iliyopotoka nusu dakika tu inakupotezea sekunde nzima ya pembe. Rekebisha saa ya kompyuta kila usiku kabla ya kuanza.

Nne, tuma usiku uleule kwa ADES, muundo sanifu wa kutumia vipimo vya anga. Eleza pia ukungu ulivyo na mkia unaelekea wapi. Kitu chako kitaingia kwenye orodha ya vinavyosubiri uthibitisho, na watazamaji wengine watakipima.

Kisha obiti. Inahitaji namba sita za kuieleza, na kinadharia vipimo vitatu vinatosha. Mwanahisabati Mjerumani Gauss alionyesha nguvu ya hesabu hiyo mwaka 1801 kwa kuwezesha Ceres, asteroidi iliyokuwa imepotea machoni, kupatikana tena. Lakini vipimo vya siku chache haviwezi kutofautisha duaradufu na parabola (mkunjo usiojifunga), kwa hiyo mara nyingi wakokotoaji huanza na parabola. Ndiyo maana nakusihi usiache kupima baada ya kometi kutangazwa. Mwaka 1819 mwanaastronomia Mjerumani Encke alionyesha kwamba kometi za 1786, 1795, 1805 na 1818 ni moja, izungukayo Jua kwa takriban miaka 3.3. Alitabiri ingerudi 1822, ikarudi. Bila vipimo vilivyotunzwa na waliomtangulia, asingekuwa na la kukokotoa.

Jina usijipachikie kwenye ripoti. Hutolewa na kamati ya Umoja huo. Kometi yenye mzunguko usiozidi miaka 200 hupewa alama P/. Namba ya kudumu, kama ile ya 1P/Halley au 2P/Encke, kwa kawaida husubiri ionekane tena inaporudi. Mwaka wa kurudi kwake ukikaribia, chukua obiti iliyosahihishwa karibuni na uanze kuitafuta ikiwa bado hafifu.