Kabla hujamwambia mdogo wako akutumie mpingo

Mzigo wenyewe ulikuwa kilo tisa na nusu. Nautanguliza uzito kwa sababu ndio ulionidanganya. Mdogo wangu aliupima pale Pasua, Moshi, kwenye mzani wa jirani muuza viazi, akanipigia: "Dada, tuko chini ya kumi, lala." Nikalala. Ndani ya boksi kulikuwa na bakuli kumi na moja zilizokwisha kukerezwa na kupakwa nta, saba za mgrevilea na mringaringa, nne za mpingo. Chini yake, vimefungwa kwenye gazeti, kulikuwa na vipande ishirini na viwili vya mpingo mtupu, vya mraba, urefu wa kiganja, ambavyo ningevikereza mwenyewe huku Uingereza viwe kalamu. Sikukiona hata kimoja. Bakuli nazo sikuziona; forodha ya huku ilikamata boksi lote.

Naandika kwa sababu kila nikituma picha ya meza yangu ya kuuzia vitu vya mbao nilivyokereza kwenye kundi la familia, kuna mtu anauliza: na sisi tuanze? Anzeni. Hali ni ngumu huku kama ilivyo huko, na pauni hamsini za Jumamosi si haba. Ila sehemu ya mpingo isomeni mara mbili.

Ya kawaida niyamalize haraka. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, au ya kazi uliyodhaminiwa na mwajiri, huruhusiwi kujiajiri, hata kwa meza moja ya Krismasi, kwa hiyo ishia hapa. Mauzo yakipita pauni 1,000 ndani ya mwaka wa kodi, jiandikishe kabla ya tarehe 5 Oktoba inayofuata. Waandaaji wengi wa masoko wanadai bima ya kumfidia mteja akiumia mezani kwako, kata. Nunua kile kimashine cha kusomea kadi, maana noti huku zimekuwa kama picha za ukumbusho. Bandika bei kwenye kila kitu. Basi.

Sasa mpingo.

Tangu tarehe 2 Januari 2017, ukoo mzima wa Dalbergia, ambao mpingo wetu ni mtoto wake, ukiacha mmoja wa Brazil nitakaoutaja chini, umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Haujapigwa marufuku. Unatakiwa utembee na karatasi. Mwaka 2019 masharti yakalegezwa: vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaachiwa, na bidhaa zilizokamilika zikaachiwa pia, mradi mbao ya ukoo huo isizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Hapo ndipo mimi na mdogo wangu tulipoona "kilo 10" tukafunga kitabu. Neno la mbele yake, "zilizokamilika", tulilipita kama kibao cha matangazo barabarani.

Kipande cha mraba kinachosubiri mashine hakijakamilika. Kiwe kimoja, kiwe cha gramu mia, hakijakamilika, na ile ruhusa ya kilo 10 haikihusu kabisa. Kinahitaji kibali cha kutoka Tanzania na kibali cha kuingia Uingereza, viwili, si kimoja, na vyote viwe mkononi kabla boksi halijaondoka. Upande wa nyumbani mnaujua: TFS, wale wakala wa misitu, foleni, mihuri, rudi kesho. Upande wa huku unaombwa APHA, wakala wa serikali wa afya ya wanyama na mimea. Usitume kwanza ukasema utafuatilia karatasi mzigo ukiwa njiani. Mimi nilijaribu kuomba mzigo ukiwa umeshakamatwa, nikajibiwa kwa adabu sana kwamba kibali hutangulia mzigo.

Shimo la pili liko ndani ya lile la kwanza. Niliwapigia watu wa forodha nikasema haya, chukueni hivyo vipande, nipeni bakuli zangu. Za mgrevilea hazimo kwenye orodha yoyote, na zile nne za mpingo zimekamilika, hazifiki hata kilo tatu. Hapana. Sheria ya forodha ya huku inaruhusu kuchukua pia kilichofungwa pamoja na kitu kilichokosa. Samaki mmoja akioza. Kumbe wenzetu methali hiyo wameiandika ikawa sheria. Kwa hiyo narudia: mpingo mtupu usikae boksi moja na kitu kingine chochote. Na bila vibali usikae kwenye boksi lolote.

La tatu linaniuma zaidi kwa sababu lilitokana na upendo. Pale kwenye fomu ya maelezo ya mzigo, mdogo wangu aliandika "zawadi kwa dada". Alidhani ananiokolea ushuru. Zawadi isiyotozwa kodi huku mwisho wake ni pauni 39, na lazima itoke kwa mtu kwenda kwa mtu, si ya kuuza. Sasa bakuli kumi na moja zenye saizi zilizopangwa na vipande ishirini na viwili vilivyolingana, nani atakubali ni zawadi? Wangekuta "bidhaa za kuuza" ningekuwa mfanyabiashara aliyekosea kibali. Walipokuta "zawadi", nikawa mtu anayeficha. Ndugu zangu mlioko Moshi na Arusha, nawapenda, lakini andikeni kilichomo. Ushuru unalipika.

La nne ni barua. Ukikamatiwa mzigo una mwezi mmoja tu wa kupinga, kuanzia tarehe ya barua ya ukamataji. Mimi nalea wazee zamu za usiku. Asubuhi naruka juu ya makaratasi ya matangazo ya piza mlangoni, naenda kulala. Barua ilikuwa humo humo. Nilipoifungua zilikuwa zimebaki siku nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Bahasha ya kahawia ifungue siku hiyo hiyo, hata kama macho hayafunguki.

Mjomba wangu wa Kiboriloni, shikamoo mjomba kama unasoma, ndiye aliyetuambia: "Wazungu watajua wapi mti? Kila kitu kwao ni mbao." Mjomba, wanajua. Mpingo ukitiwa majini unazama. Kila mpiga klarineti na zumari wa huku anaushika kila siku. Mimi mwenyewe kukereza nimejifunzia huku, kwenye klabu ya wazee wastaafu inayokutana Jumatano nyuma ya kanisa. Nyumbani nani angemruhusu msichana asogelee mashine? Wazee wale hawakumbuki majina ya wajukuu wao lakini ukiwapa kipande cha mpingo wanakinusa, wanakigonga kwa ukucha, wanakutajia jina lake la Kilatini. Mmoja ndiye aliyeniuliza nilikotoka, na niliposema Moshi akanieleza habari za nyumbani kwetu: kwamba mwaka 1996 mkerezaji wa Texas, James Harris, aliungana na Sebastian Chuwa wa Moshi kuanzisha mradi wa kupanda mipingo. Nimezaliwa kilomita chache kutoka huko, nimekuja kusimuliwa na mzee wa Kiingereza mwenye soksi na kandambili. Tena akanionyesha bei ya kipande kimoja cha kalamu dukani. Hapo ndipo tamaa iliponiingia. Mdogo wangu alikuwa akiyapata mabaki ya mpingo kwa wachonga vinyago wa Arusha kwa bei ya soda.

Wala usidhani ukiuacha mpingo umepona. Msandali wetu umo kwenye Kiambatisho hicho cha Pili tangu 2013. Mninga na mkongo wa Afrika viliongezwa kwenye mkutano wa 2022, na huko wanachoangalia hasa ni magogo na mbao, kwa hiyo ule ubao wa kitanda cha bibi unaotaka kuugeuza bakuli huku, ulizia kwanza. Na kuna mtego mdogo ambao karibu uninase mara ya pili: jakaranda. Ile ya maua ya zambarau iliyojaa barabara za Arusha haina shida. Lakini kwa wafanyabiashara wa mbao duniani jina hilo hutumika pia kwa Dalbergia ya Brazil, iliyoko Kiambatisho cha Kwanza, ambako hakuna mchezo. Andika Jacaranda mimosifolia, yote, kwa Kilatini. Kila mti uandike kwa Kilatini. Jina la nyumbani liwekee mteja, hulipenda.

Maana wateja wenyewe ni somo. Mfumuko wa bei ulipofika asilimia 11.1 Oktoba 2022, nilikuwa na miezi michache tu kwenye hii biashara, na nikagundua kwamba Mwingereza hasemi hana hela. Anashika bakuli, analizungusha, anasema ni zuri ajabu, anakuuliza lilichukua saa ngapi, anakushukuru, analirudisha taratibu kama anamlaza mtoto, anaondoka. Hapatani. Ningetamani apatane! Kule Soko la Wamasai Arusha mtu akikutajia nusu ya bei unajua anataka. Huku ukimya ndio jibu, na inabidi ujifunze kuusoma. Mtu huyo huyo utamwona meza ya tatu akimnunulia mbwa koti la sufu la pauni thelathini. Sijawaelewa na nimeacha kujaribu, ila sasa nakereza kitu cha kuning'iniza kwenye mkanda wa mbwa.

Kwa hiyo bakuli kubwa naweka moja au mbili za kuvutia macho. Kinachouzwa ni cha chini ya pauni kumi na tano: vijiti vya asali, vishikio vya funguo, uyoga wa mbao, mapambo ya mti wa Krismasi kuanzia katikati ya Novemba. Kabla ya kulipia meza piga hesabu ya vitu vidogo vingapi vitairudisha. Mimi nililipa pauni tisini kwa ukumbi wa kifahari nikauza vijiti vinne. Ukumbi wa kijiji wa pauni ishirini, wenye chai na keki za akina mama wa kanisa, umenilipa kila mara.

Siku hizi mdogo wangu ananitumia mti wa kahawa. Mibuni iliyozeeka inang'olewa Kibosho kila msimu na kuishia jikoni. Ni migumu, ina rangi ya siagi, na mteja ukimwambia kikombe chake cha asubuhi kilitoka kwenye mti kama huu, mkono unaenda mfukoni. Tatizo ni ukavu. Bakuli lililokauka vizuri Moshi likiingia nyumba ya huku yenye joto la mabomba mchana kutwa, linazidi kukauka na kupasuka. Nilirudishiwa matatu. Sasa anakereza nene, anayaweka darini juu ya jiko la mama mwaka mzima, ndipo anayamalizia. Yasiwe na magome wala tundu la mdudu. Yale yenye mafundo anayauza Nanenane, viwanja vya Themi, ambako fundo halimkimbizi mtu. Kwenye fomu anaandika: Coffea arabica, bakuli zilizokamilika, za kuuza, na bei ya kweli. Ushuru wa mwisho nililipa, nikadai risiti, nikaibandika juu ya friji.

Mjomba bado ananiuliza kila nikipiga simu kama ule mzigo wa kwanza umeshafika.